Bi Tunu na Sheria ya Chemchemi

Hapo zamani za kale, enzi hizo wanyama walikuwa na baraza, baraza lilikuwa na waheshimiwa, na waheshimiwa walikuwa na vitambi. Nchi nzima ilikuwa na chemchemi moja tu. Kaeni vizuri, watoto, msikie jinsi wakubwa walivyoitungia sheria.

Mwanzo kabisa sheria ilisema: anywe mwenye pembe. Kiboko, asiye na pembe, akavimba na kufoka mpaka ikarekebishwa: anywe mwenye pembe au mwenye uzito. Wakafanya karamu. Miaka ikapita, ikarekebishwa tena: hata mdogo anywe, mradi awe dume na mkuu wa nyumba, naye awatekee mkewe na wanawe. Karamu nyingine! Hotuba juu ya hotuba! "Sasa nchi yetu ina usawa," wakasema, tena bila kucheka.

Bi Tunu alikuwa digidigi, mdogo kuliko kwato la Kifaru. Mumewe alipokuwa hai, maji hayakuwa shida. Akafa. Matanga hayajaisha vizuri, Bi Tunu akaenda na mtungi wake chemchemini. Kifaru akamzuia.

"Mumeo yuko wapi?"

"Nimemzika juzi, bwana."

"Basi na maji yako umeyazika juzi. Toka!"

Akarudi nyumbani mtungi mtupu. Wanawe wawili wakawa wanalamba umande kwenye majani, ndimi zimewavimba. Bi Tunu alilia siku moja. Siku ya pili akakasirika, na hasira ilimfaa zaidi.

Yeye ndiye aliyewapikia waheshimiwa watatu, Kiboko, Kifaru na Tembo, uji wa baraza. Kupika aliruhusiwa, kusema, thubutu! Lakini aliwajua. Mmoja akihutubia, wengine walikoroma, khoroo! Akimaliza, wote walishtuka na kupiga miguu chini, ti! ti! ti!, maana yake tumekubali. Hakuna aliyesikiliza cha mwenzake. Kila mmoja alipiga mguu ili naye apigiwe. Na kifungu kikishapigiwa na wote, hakifutwi mpaka wote wapige tena.

Asubuhi ya baraza akampelekea Kiboko bakuli lake.

"Pole sana, Bwana Kiboko."

"Pole ya nini?"

"Kumbe hujaambiwa? Basi nimekosea. Kunywa uji."

"Sema, wewe!"

"Nasikia Kifaru anainoa pembe yake. Eti sheria ya kwanza irudi, ile ya pembe peke yake."

Kiboko akapaliwa, kho! kho! kho! "Nifanyeje?"

"Mpika uji anajua nini? Lakini ningekuwa na kinywa kama chako, ningedai kifungu: asizuiwe yeyote kwa kukosa pembe."

Akaenda kwa Kifaru. "Bwana, leo umekula vizuri? Mzee Tembo anataka tuletewe mizani."

"Mizani ya nini?"

"Ya wanywaji. Asiyefikia uzito wa Mzee, nje, hata awe na pembe!"

Kifaru akajitazama tumbo. Kwa mara ya kwanza maishani akajiona mwembamba, maskini mpumbavu yule. Akamwuliza Bi Tunu afanyeje, akaambiwa adai kifungu: asizuiwe yeyote kwa umbo wala uzito.

Akabaki Tembo. Huyu alijitapa kuliko wote, ila siri yake ilijulikana na kila panya. Kwa tembo, nyumba ni ya bibi. Dume akishakua hufukuzwa. Mheshimiwa alikuwa akilala peke yake nyuma ya kilima, akituma salamu kwao, na salamu hazijibiwi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Weka uji, nenda."

"Naenda. Ila Kiboko na Kifaru wanaulizana, Mzee ni mkuu wa nyumba gani?"

Masikio ya Tembo yakaanguka, pwaa! "Wananiulizia mimi?"

"Wanasema sheria ni sheria, asiye na nyumba asinywe, hata awe mzito. Ungewawahi, Mzee: asiulizwe yeyote nani mkuu wa nyumba yake, wala kama ana mume au mke."

Baraza likaanza. Kasuku ndiye alikuwa karani. Hakuelewa chochote, lakini hakusahau neno. Kiboko akasimama, akadai kifungu chake huku wenzake wakikoroma. Ti! ti! ti! Akafuata Kifaru. Ti! ti! ti! Tembo akahutubia kutwa nzima juu ya heshima, na mwisho akakidai cha kwake haraka haraka akiangalia pembeni. Ti! ti! ti! Wakapongezana mpaka mate yakawatoka.

Kesho yake Bi Tunu akaenda chemchemini, wanawe nyuma yake. Waheshimiwa watatu wamejaa njiani, Kasuku yuko mtini juu yao.

"Huna pembe!" akasema Kifaru.

"Karani, soma," akasema Bi Tunu.

"Asizuiwe yeyote kwa kukosa pembe!" akapayuka Kasuku.

"Mdogo kama kisigino!" akasema Kiboko.

"Asizuiwe yeyote kwa umbo wala uzito!"

"Mume huna!" akanguruma Tembo.

Kasuku akasoma kifungu cha Tembo mwenyewe.

"Nani kamwingiza huyu kwenye sheria?" Kiboko akafoka.

"Nyinyi," akajibu Bi Tunu. "Kila mmoja alijilinda mwenyewe, mkasema 'yeyote'. Mimi si yeyote?"

"Tuvifute!" akasema Kifaru. "Cha pembe na cha nyumba. Changu kibaki."

"Changu hakiguswi!" akaruka Kiboko.

"Cha nyumba kibaki," akasema Tembo taratibu, "kwa heshima ya baraza."

Wakaanza kusukumana hapo hapo, puu! puu!, matope yakiwatapakaa majoho. Wakiwa katika kusukumana njia ikaachwa wazi. Bi Tunu akapita. Akateka, akawanywesha wanawe mpaka matumbo yakalia chubwi, kisha akainama akanywa mwenyewe. Alipoinua kichwa aliona foleni ndefu: pimbi, nungunungu, panya na wajane wa kila aina, kila mmoja na chombo chake.

Hadithi inaishia hapo, na funzo lake ni hili: haki aliyojitungia mkubwa kwa woga wake, mdogo aidai isomwe kwa sauti.