Mwizi wa Majani

Wapendwa, kulikuwa na mkulima mmoja huko milimani, mcheshi lakini mbishi kama beberu. Siku bwana shamba alipokuja na kipaza sauti kutangaza kikundi cha kuchimba makingamaji, ile mitaro ya kuzuia maji mteremkoni, na kupanda majani ya malisho kingoni mwake, ili mvua isibebe udongo, jamaa alikaa mbele kabisa. Hakulazimishwa mtu, anayetaka ajiunge. Waliohudhuria waligawiwa kofia. Kofia akaichukua, kuchimba akakataa.

"Makingamaji yanakula shamba," akasema, "na langu lenyewe ni kiganja!" Watu wakacheka, naye akavimba kichwa. Jirani yake wa chini, mama mjane, yeye alikwenda zake kuchimba.

Kiangazi kikaingia. Ng'ombe aliyekuwa akiwapa watoto maziwa akabaki mbavu tupu. Mkewe akamwambia, "Mume wangu, ng'ombe hali kofia." Mnacheka? Yeye hakucheka. Ilimuuma, maana kwake kulikuwa na vumbi, na kwa mjane majani ya kingoni yalikuwa kijani kibichi.

Akangoja Jumapili. Alipotusikia tumeanza kuimba humu kanisani, akachukua mundu, akateremka. Alikuwa anafunga mzigo aliposikia nyuma yake: "Shemeji!" Mjane alikuwa amerudi kutoka huku kanisani kuchukua miwani aliyoisahau.

Mzigo ukamponyoka.

"Shemeji, umekata juu mno," mama akasema. "Kata chini, karibu na udongo, yatachipua upesi." Akainama, akang'oa mashina kadhaa na mizizi yake. "Hayo ya ng'ombe. Haya ukapande kwako."

"Unanipa, na mimi nimekuibia?"

"Nikikufukuza nitapata nini? Mvua ikinyesha, udongo wako unafukia maharage yangu. Njoo kesho nikuonyeshe kuchimba."

Kesho yake akaenda. Bwana shamba alipomkuta na jembe mkononi, nusura aruke kwa furaha. "Mzee wangu, kumbe hotuba yangu ilikugusa!"

"Hapana, mwanangu," akasema. "Mimi nilikamatwa."

Ndugu zangu, sisi hupenda kulalamika kwamba watu wa hapa hawasikii. Hawasikii? Wanatusikia kila Jumapili, mpaka wanajua wimbo upi ni wa sadaka! Lakini siku wanapotukosea, wanakutana na nini? Wewe ulipomfumania jirani yako, ulimpa nini? Ulipiga yowe, kijiji kikajaa, ukashinda kesi na kumpoteza mtu.

Na nani humu ndani aliingia kwa Bwana kwa utamu wa mahubiri yangu? Nawajua, wengine mnasinzia hata sasa. Tuliingia kwa sababu tulikamatwa tukiwa na makosa yetu mikononi, na badala ya kufukuzwa tukapewa. Basi yule uliyemfungia mlango wiki hii, ukitoka hapa, usipitilize mpaka nyumbani. Anzia kwake.