Bi Fuko Achagua wa Kumshauri

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu, lakini nitawahadithia hivyo hivyo.

Hapo zamani za kale paliondokea Bi Fuko, mjane, haoni. Alikuwa na shimo zuri bondeni, alilolichimba na marehemu mumewe. Masika yakakaribia. Ukoo ukaketi kuamua mjane akae wapi. Walialikwa wote, isipokuwa mjane. Walisema watamchosha bure.

Shemeji yake Nguchiro akapitisha neno: Bi Fuko ahamie kwake, awe chini ya uangalizi wake, naye, kwa huruma tu, atalitunza lile shimo.

Bi Fuko alipopata habari alikasirika, akajikokota hadi kikaoni. "Macho sina, akili ninayo. Nitamchagua mwenyewe wa kunishauri, kisha nitaamua mwenyewe."

Wazee wakacheka, wakampa siku tatu.

Siku ya kwanza akaja Nguchiro.

"Shemeji, nihame nisihame?"

"Hama kesho. Usijisumbue kufikiri."

"Ahsante, nenda."

Siku ya pili akaja Kasuku.

"Nihame?"

"Hama, Bi Fuko."

"Au nibaki?"

"Kubaki ndiyo bora zaidi."

"Ahsante, nenda."

Siku ya tatu akaja Chura, jirani yake.

"Nihame nisihame?"

"Kwani mimi ndiye nitakayelala humo? Ninachojua, mto umeshafika kwenye mkuyu ulio karibu na shimo lako, na kule juu kichuguuni udongo ni laini. Wewe mwenyewe wataka nini?"

Tangu afiwe, hakuna aliyemuuliza Bi Fuko hivyo. Machozi yakamlenga.

"Nataka kuishi kwangu."

"Basi twende ukaupapase huo udongo."

Wakaenda. Akapapasa, akanusa, akaamua kuchimba pale pale. Shimo la bondeni lilimuuma, lakini akaliacha. Bi Fuko alimwonya hata Nguchiro kwamba mto unapanda.

"Kipofu anifundishe mto?" akajibu Nguchiro, akahamia shimo la bondeni na watoto wake.

Mvua ya tatu ikamtoa mbio, yeye na wanawe, wamelowa chapachapa. Ukoo ukaketi tena haraka, ukajipongeza: "Si tulisema tangu mwanzo Bi Fuko ahame?"

Sikilizeni basi. Wa kukusaidia kuamua mchague mwenyewe, na awe yule anayekuuliza kwanza wataka nini. Anayekuja na jibu mkononi, chungulia mkono wa pili umeshika nini.

Ngano yangu imekomea hapa. Ikiwa tamu, mgawieni na jirani. Ikiwa chungu, niachieni niimeze peke yangu.