Kwa Nini Mvule Huficha Jiwe Moyoni

Sogeeni karibu, na wewe uliyekalia kile kiti kizuri nipishe, magoti yangu yana umri mkubwa kuliko wewe. Nitawaambia habari ya mti wa mvule, na ikiwa kuna aliyeisikia vingine, basi huyo aliyemsimulia hakuwa na shangazi kama wangu, maana shangazi yangu hakupitwa na jambo la mtu.

Wakati huo msumeno ulikuwa bado haujulikani, wala haukuhitajika. Fundi akitaka kitanda, alikwenda kwa mvule, akauegemea, akausemesha. Alisema urefu aliotaka, upana, na nani atakayekilalia. Mti ulizikuza mbao ndani ya mwili wake taratibu, na zilipoiva, gome lilifunguka, akazitoa. Kisha gome lilijifunga kama kidonda kinavyopona. Sharti lilikuwa moja tu: mvule haukuweza kulea kazi mbili, na aliyesema mwisho ndiye aliyesikilizwa.

Huko milimani Upare aliishi fundi aitwaye Senkondo. Mikono yake ilisifiwa hadi tambarare. Lakini nyumbani kwake, wacha niseme, hapakuwa hata na kigoda. Mkewe Nakijwa alimkaribisha mgeni kwenye gogo, na binti yao wa pekee, Mbonea, alilala chini juu ya ngozi ya mbuzi.

Mwaka ule mvua zilikawia kuondoka na sakafu ikatoa unyevu. Mbonea akashikwa na kikohozi. Nakijwa akawa analipasha jiwe motoni, analifunga kwa kitambaa na kumwekea mtoto kifuani, lakini jiwe halikeshi na joto. Basi akambeba mwanawe hadi kwa mvule, akamsimamisha kwenye shina ili mti umjue kimo chake, akauomba kitanda. Mti ukakubali. Nakijwa alilisikia gome likipata joto chini ya kiganja chake.

Sasa, mke mkubwa wa mtawala wa huko milimani naye alitaka kabati. Alisema ni la vyombo, lakini kisimani kila mtu alijua kuwa wifi yake alikuwa akimchotea samli kwa siri, na alitaka mlango wa kufunga. Senkondo akaenda kwa mvule ule ule akaagiza kabati. Mkewe alipomweleza kwamba mti ulikuwa umekwisha kubeba kitanda cha Mbonea, alimjibu kwa upole kabisa, maana hakuwa mtu mbaya.

"Mama Mbonea, kitanda cha mtoto ni kazi ndogo. Nimalize hili la wakubwa, halafu nitakitoa."

Kabati likakaribia kuiva, mwenye kabati akasema liwe refu zaidi. Likarefuka, akaona ni jembamba. Halafu akataka na rafu ya juu ambayo wifi yake, aliyekuwa mfupi, asingeifikia. Kila mara Senkondo alirudi kuusemesha mti, akasifiwa kwa uvumilivu wake, na kila mara Nakijwa alimkumbusha. Mwishowe akaacha kumkumbusha. Mbonea naye akaacha kukohoa, na waliosikia ukimya ule walidhani amepata nafuu.

Walipomaliza kumzika, Senkondo aliuacha msiba akapanda kwa mvule. Akauambia uache kabati, utoe kile kitanda kwa kimo kile kile. Alirudi nyumbani uso umemvimba, akamwambia mkewe kwamba amekwisha agiza, kitanda cha Mbonea kinakuja.

"Baba Mbonea," Nakijwa alimuuliza, "sasa atakilalia nani?"

Akalichukua lile jiwe pale mekoni, jeupe kwa majivu, akaenda nalo peke yake. Alikuta gome limefunguka na mbao ndogo zimeiva, laini, bila kasoro. Hakuzigusa. Aliliweka jiwe katikati yake, pale ambapo kifua cha mtoto kingekuwa, akauambia mti: "Mlaze wewe." Gome likajifunga.

Siku Senkondo alipokwenda kukichukua kitanda, mvule haukumsikia. Aliubembeleza, akaupigia magoti, kisha kwa uchungu akachukua tezo lake la kuchongea akaupasua mwenyewe. Tezo likagonga jiwe, likavunjika makali. Akaenda kwa mvule mwingine na mwingine, yote kimya. Mnafikiri ni sisi tu tunaopelekeana habari? Miti ilikuwa imekwisha kuambizana mizizini. Kabati halikutoka, na samli ya yule mama, nasikia, ililiwa yote. Senkondo alilala chini juu ya ile ngozi ya mbuzi hadi uzee wake, na Nakijwa hakumwambia hata siku moja ainuke.

Na tangu siku hiyo mvule hauagizwi tena. Anayeutaka sharti aukate, aupasue, apime mwenyewe kwa macho na mikono yake, na mara nyingi akifika katikati hukuta jiwe jeupe, gumu, ambalo hung'oa meno ya msumeno. Vijana hutukana. Fundi aliyelelewa vizuri hausukumi msumeno. Anauchomoa polepole, anakaa kwenye unga wa mbao, na mwenye kabati lake na angoje.