Mafuta Ndani ya Ganda

Mmekosa watu wa kuwapa mfano mpaka mje kunisumbua miye, niliyeishia darasa la pili na magoti haya yasiyokunjika? Haya. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, asije akanikoromea katikati.

Kulikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja. Mkubwa alikuwa mwindaji wa kijiji, mwenye bunduki ya kibali, kazi yake kulinda mashamba. Mdogo alikuwa fundi. Risasi mpya hazikufika kule, kwa hiyo ganda la shaba la risasi iliyokwisha kulia halikutupwa. Fundi alilijaza upya. Sasa, ganda likilia hutanuka. Ili lirudi umbo lake, husukumwa ndani ya tundu la chuma, na ili lisikwame, hupakwa mafuta kwanza, nje na ndani ya mdomo. Mafuta hayo ni rafiki mpaka hapo tu. Kabla ya kutia baruti yafutwe yote: nje kwa kitambaa, ndani kwa kijiti kilichoviringishwa tambara. Baruti ikilowa mafuta hulala. Hata miye nisiyeweza gazeti naelewa hilo.

Basi akatokea nyati dume, mguu umeliwa na mtego wa waya, ana hasira za kidonda. Akamvunja mama mmoja nyonga kwenye mahindi yake mwenyewe. Mkubwa akamwomba mdogo wake risasi tano. Mdogo alikuwa na bao linamngoja kwa jirani, na safari hiyo alikuwa anaongoza. Akayafuta maganda nje mpaka yakang'aa kama meno ya bwana harusi. Ndani hakugusa. Ndani nani ataona? Akatia baruti, akafunga.

Mkubwa akazigeuzageuza kiganjani.

"Umefuta na ndani?"

"Nimefuta, kaka. Kwani unanionaje?"

"Nakuona unatazama mlango."

Wakacheka. Kaka akaenda, na mwenzake mmoja wa kumsindikiza.

Siku tatu alifuata nyayo, na siku tatu baruti iliyanywa mafuta. Mwenzake aliyepanda mti ndiye aliyerudi kusimulia. Nyati alitoka kichakani, kaka akalenga, bunduki ikasema tik. Akatia nyingine. Tik. Ya tatu hakuwahi kuitia.

Naona mnamtazama fundi huyo kwa jicho baya. Ngojeni kwanza. Kaka aliuawa na mafuta? Aliuawa na bao? Fundi angesema, "Bado, kaka," kaka angesonya, angevuta kigoda, angesubiri. Basi. Neno bado limewahi kuvunja nyumba ya nani? Lakini sisi tunalionea haya. Umemsamehe mkweo? Nimemsamehe. Umeacha yale mambo yako? Nimeacha, siku nyingi. Tunakuja hapa kusali tumepigwa pasi, tunang'aa, na ndani mafuta yanatiririka. Na anayetutegemea anaondoka na neno letu mfukoni, anaelekea kwa nyati wake. Yeye hana njia ya kuona ndani. Ana sisi tu.

Kwa desturi yao, maiti ya mwanamume huoshwa na ndugu yake wa tumbo moja. Fundi akaomba watu wengine wafanye. Mjomba wao akamwambia, "Wengine wapi? Mlikuwa wawili." Akapewa maji na kitambaa, akafungiwa mlango.

Mama yao alikaa nje, kaupa mlango mgongo. Akasikia kitambaa kinakamuliwa.

"Umefuta?" akauliza.

Fundi akajibu, "Bado, mama."

Yakaingizwa maji mengine. Mama akauliza tena, akajibiwa bado. Uso ulikuwa umetakata, na mikono, na shingo. Lakini damu iliyoganda ndani ya masikio haitoki kwa kitambaa. Ilibidi atafute kijiti, aviringishe tambara, na afute ndani.