Mkono wa Chuma wa Kwandu

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Anayenunua nyama yake buchani pale Bariadi anaweza kudhani haya ni maneno ya kupamba insha tu. Aliyewahi kumwangusha dume anajua: mmoja ashike pembe, mwingine mkia, wengine wavute kamba za miguu, na mwenye kisu asubiri. Bila hivyo dume huondoka na kamba, na kisu, pengine na mwenye kisu pia.

Kwandu wa kijiji cha Sapiwi aliijua methali hiyo tangu utoto. Ila aliamini imetungwa kwa ajili ya watu wenye mikono ya nyama.

Wake wa kulia ulikuwa wa chuma. Ule wa kuzaliwa ulikatwa na mashine ya kusaga alipokuwa bado shule. Alipofika chuo cha ufundi Mwanza akajiundia mwingine, unaokula umeme wa jua, wenye vidole vinavyookota punje ya mchele na kukunja nondo kama mtu anayekunja mkeka. Siku aliyorudi nyumbani, watoto walimfuata njia nzima wakigombania kusalimiwa kwa mkono.

Halafu Nzagamba akaanguka.

Alishuka kutoka angani mchana kweupe, anawaka, akatua nje ya kijiji cha jirani, Kasoli. Vumbi lilipotulia, watu wakaona mnyama wa chuma wa miguu minne, mrefu kuliko ghala la pamba, na mahali pa masikio ana sahani mbili zinazozunguka. Wakampa jina la dume la ng'ombe kwa Kisukuma: Nzagamba. Hakula mtu wala pamba. Alikunywa maji. Asubuhi alitumbukiza shingo katika lambo la Kasoli. Jioni pakabaki matope na kambale wanaopapatika. Askari walikuja wakampiga risasi, zikadunda kama mvua juu ya bati.

Siku hiyo Kasoli walipiga mwano, lile yowe la hatari ambalo kila anayelisikia hutupa alichoshika, hulipokea kwa sauti yake na kukimbilia lilikotoka. Luhende, mdogo wake Kwandu, alikuwa huko akivuna pamba. Alikuwa na mbio kama swala. Akawaacha wote nyuma, akafika wa kwanza, anapiga yowe peke yake. Nzagamba akageuza masikio, akamkanyaga.

Walipotoka kuzika, Kwandu alisimama mbele ya watu wa Sapiwi.

"Akija huku, mtu asipige mwano. Kaeni ndani. Nitapambana naye mwenyewe."

Mayige, kamanda wa sungusungu, alikohoa kwanza. "Mwanangu, mwano ukipigwa hata mgonjwa hunyanyuka. Anayeusikia akakaa, siku ya msiba wake hatupeleki kuni."

"Mwano ndio uliomuua Luhende!"

"Hapana. Luhende aliwatangulia wenzake. Tulimkuta peke yake."

Maneno hayo yalimchoma Kwandu kama moto wa kifuu. Akaokota jiwe, akalifumbata kwa mkono wa chuma, likawa unga. "Nani mwenzangu hapa anaweza hivi?"

Sauti moja nyuma ikanong'ona, "Sasa jiwe limekosa nini?" Watu wakacheka kidogo, maana kicheko cha msibani hakina nguvu. Mama yake Kwandu, Milembe, hakucheka.

Baada ya la Kasoli kukauka, lambo la Sapiwi ndilo pekee lililobaki. Ng'ombe wa vijiji vyote vya jirani walikuwa wanalitegemea, na mvua zilikuwa mbali. Likikauka hilo, ni kuhama au kufa.

Haikupita wiki, Sadick mwenye duka pale senta akaingia na pikipiki mbio, vumbi mpaka kwenye kope. "Anakuja! Anakuja lambo lenu!"

"Yuko mbali?" Kwandu akauliza.

"Nilipomwona alikuwa mbali, dada. Sasa hivi siyo mbali tena."

Kwandu akafunga mikanda ya mkono wake. Milembe akamshika bega. "Ng'wanawane, mwanangu, nimezika mmoja."

"Ndiyo maana, mayu. Kaa ndani."

Akaenda peke yake. Pigo la kwanza lilibonyeza goti la Nzagamba, na moyo wake ukapaa kwa furaha. Pigo la pili halikukuta kitu. La tatu vilevile. Mkono wake ulikuwa unavuma kila anapouinua, na yale masikio yalikwishaujua mvumo ule. Alipoinua mara nyingine, unyayo ukashuka, ukaugandamiza mkono wa chuma katika matope ya ukingoni. Nzagamba akashusha shingo, akaanza kunywa kana kwamba Kwandu hayupo.

Maji yakawa yanarudi nyuma, yanaacha matope. Kwandu alivuta mpaka machozi yakamtoka. Hapo ndipo alipogundua kwamba kiburi ni kizito kuliko chuma. Akajaza kifua pumzi, akapiga mwano.

Hakuna aliyeitika. Sapiwi ilikuwa imemtii. Milango ilifungwa kama alivyoamuru. Nzagamba akaacha kunywa. Masikio yote mawili yakamgeukia mwenye sauti moja, na mguu wa pili ukaanza kuinuka juu ya kichwa chake.

Kwandu akafumba macho.

Ndipo mwano ukapokelewa kutoka shamba la pamba, kwa sauti iliyokauka kwa kulia. Alikuwa Milembe, kitambaa kimemdondoka kichwani, anakimbia. Sikio moja likageuka. Mayige akapokea kutoka mlimani. Sikio la pili nalo likageuka. Milango ikafunguka, mwano ukatoka kila upande kama kumbikumbi baada ya mvua. Sadick, ambaye hakuzaliwa na mwano, alibonyeza honi ya pikipiki bila kuiachia. Masikio ya Nzagamba yakazunguka kama pia, na miguu ikawa haijui imkanyage nani.

"Msimpige!" Mayige akafoka. "Mnaua nyoka au mnachinja ng'ombe? Miguu! Kamba za miguu!"

Wakaja na minyororo ya plau na kamba za maksai. Kwandu akafungua mikanda kwa mkono wake wa kushoto, akauacha mkono wa chuma pale ulipokwama. Akakimbilia mnyororo wa nyuma, akaushika katikati ya mama yake na Sadick.

"Vuta!"

Nzagamba akayumba, akaanguka kwa ubavu, ardhi ikatikisika. Mayige akamletea Kwandu shoka.

Kwandu akatikisa kichwa. "Chinja wewe, baba. Mimi nimeshika mkia."

Shoka likaingia kooni, mahali pekee pasipokuwa na chuma. Badala ya damu yakatoka maji, maji, maji, yakarudi lambo yakiimba. Watu walisimama wakiyatazama, hakuna aliyeshangilia. Milembe akajaza kibuyu, akaelekea polepole kwenye kaburi la Luhende.

"Dada," Sadick akasema taratibu, "ule mkono nikauvute kwa pikipiki?"

Kwandu aliutazama, umepinda matopeni, na ng'ombe wa kwanza wameanza kuuruka wakienda kunywa.

"Uache," akasema.

Simiyu nzima haikuwa na mkono wenye nguvu kama ule. Lakini mkono mmoja, hata ukiwa wa chuma, hauchinji ng'ombe.