Goti la Nani Limelia?

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipanga nyumba na kusutana uani kama sisi, palikuwa na Bi Sange. Mnamjua sange? Ni yule mdogo kama panya, mwepesi kama cheche, mwenye pua ndefu kama mpini wa kijiko. Pua ile haikuumbwa bure. Chungu kikifunikwa mtaani, Bi Sange alijua kimepikwa nini. Mlango ukifungwa, alijua nani kanuna.

Kazi yake ilikuwa kuuza uji wa mtama penye tanuri la chokaa la Bwana Kifaru. Hapo mawe yalichimbwa, yakabebwa mabegani, yakapangwa juu ya magogo na kuchomwa mpaka yakawa chokaa ya kujengea. Kazi ya kubeba mawe yale, acheni tu! Jiwe moja lilimtoa Ngiri jasho mpaka mkiani, na Ngiri alikuwa kijana.

Basi alfajiri moja Bi Sange anapuliza moto, akasikia nyuma ya rundo la mawe:

"Kacha! Kacha! Kwaa!"

"Hee! Nani anavunja kuni huko, na kuni zote ninazo mimi?"

Akaenda kuchungulia. Hapakuwa na mtu ila Mzee Nyati, mbebaji mkongwe kuliko wote, amesimama wima anatazama mawingu kama aliyapoteza yeye.

Kesho yake, kacha! Kesho kutwa, kacha! Uji ukamuungulia Bi Sange. Pua ikamwasha asipate usingizi. Siku ya nne akawahi, akajifunika pakacha, akatulia tuli.

Mzee Nyati akaja kabla jogoo hajamaliza kuwika. Akachuchumaa polepole, akashika jiwe, akainuka. Kacha! Kacha! Kwaa! Akachuchumaa tena. Akainuka tena.

"Kumbe ni magoti!" Bi Sange akaropoka.

Mzee Nyati alitaka kuruka kwa mshtuko, akaishia kuyumba. "Lo! Wewe mwanamke, unatoka wapi?"

"Pakachani. Shikamoo, Mzee Nyati. Ni goti moja au yote mawili?"

"Marahaba. Nenda zako."

"Nimesikia la kulia limezidi."

Mzee Nyati akacheka bila kupenda. "Yote mawili, mama. Miaka thelathini ya mawe si mchezo. Asubuhi yamekaza kama mlango wa ghala. Nisipoyafungua mapema, vijana watasikia."

"Ndiyo maana uji unaunywa umesimama! Mimi nikadhani maringo."

"Nikikaa, nani ataniinua? Na kile kicheko changu kila ninapotua jiwe, unadhani nachekeshwa na nini? Naufunika mlio."

Bi Sange akamsogelea. "Sasa si umwambie Bwana Kifaru?"

"Anijibu nini? 'Mzee, kapumzike nyumbani.' Nyumbani kuna mama watoto na wajukuu watano, na pembe hazipikwi mchuzi. Hiyo ni siri, Bi Sange. Ifunike."

"Nimefunika!" Akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Na kweli aliifunika, tangu alfajiri mpaka saa nne. Saa nne Ngiri akaja kunywa uji.

"Bi Sange, mbona kimya? Unaumwa?"

"Siumwi. Nina jambo."

"Jambo gani?"

"Silisemi. La magoti."

"Ya nani?"

"Simtaji mtu mimi. Ana pembe."

"Moja au mbili?"

"Mbili."

"Ahaa!"

Ngiri akamwambia Pundamilia peke yake. Pundamilia akamwambia Kiboko peke yake. Adhuhuri haijatimia, Bwana Kifaru akatokea, ardhi inaitika ndi! ndi! ndi!

"Nasikia humu mna magoti yanayolia!" akanguruma. "Tanuri langu si hospitali! Kesho asubuhi mtapanga mstari. Mtachuchumaa, mtainuka. Goti likilia, mwenyewe aende zake!"

Mzee Nyati alimrudishia Bi Sange bakuli lake la uji, limejaa vilevile, hajaligusa. Bora angemtukana!

Alasiri Bi Sange akaenda kwa Bwana Kifaru, miguu mizito, amejiandalia uongo kwamba kilicholia kilikuwa kuni zake. Akamkuta barazani amesimama. Kiti kizuri cha kamba kipo, hakikaliwi.

"Sema, muuza uji."

Hajasema, bakora ikamponyoka Bwana Kifaru. Pwa! Ikaangukia mguuni pake. Bwana Kifaru akaitazama. Bakora nayo ikamtazama.

"Mke wangu ee! Njoo uniokotee bakora!"

Mkewe akatoka jikoni na unga mikononi, akainama, akampa, akasonya, akarudi.

"Mbona ilikuwa hapo hapo mguuni, Bwana mkubwa?" Bi Sange akauliza.

"Mwenye tanuri haokoti vitu."

"Na kiti hicho, mbona kimenuna peke yake?"

"Mwenye tanuri hakai ovyo ovyo. Umekuja kunihoji?"

Pua ya Bi Sange ikasimama wima. Ule uongo wa kuni akaumeza, mwingine ukazaliwa.

"Hasha! Nimekuja kukusifu. Kesho utawakamata wote. Ila nina wasiwasi kidogo."

"Wasiwasi gani?"

"Masikio yako mazuri hayo yako huko juu, na magoti yako huku chini. Upepo wa asubuhi unavyovuma! Goti litalia, mlio upeperuke, kesho kutwa watu waseme, 'Bwana Kifaru kapitwa na goti.'"

"Mimi nipitwe?"

"Mpimaji hodari huchuchumaa, sikio likalingana na goti. Lakini usijisumbue, Ngiri atakupimia. Yeye kijana."

"Ngiri! Tanuri la baba yake? Nitapima mwenyewe, na nitachuchumaa mbele ya wote!"

Asubuhi wakapanga mstari. Wa kwanza Mzee Nyati, ametazama chini, maana hata kucheka leo kusingemsaidia. Bi Sange akaacha chungu chake, akasogea karibu. Akikosea leo, wajukuu watano watalala na njaa kwa sababu ya mdomo wake.

"Asikohoe mtu!" Bwana Kifaru akaamuru. Akasogea, akavuta pumzi, akashuka.

KACHA! KACHA! KWARARARAAA!

Ndege wakatawanyika. Kiboko akajificha nyuma ya Pundamilia, wala hakuenea.

"Limelia!" Bwana Kifaru akapiga kelele kutoka huko chini. "Limelia, nimelisikia! Nyati, nenda zako!"

Ngiri akajikuna kichwa. "Lakini Bwana mkubwa, Mzee Nyati hajachuchumaa bado."

Bwana Kifaru akajaribu kuinuka. Kacha! Akarudi chini. Akajaribu tena. Kwaa! Akarudi chini.

"Sasa goti la nani limelia?" Bi Sange akauliza, sauti tamu kama asali. "Nauliza tu, napenda kujua."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mzee Nyati ndiye aliyeinamisha kichwa.

"Usiinuke kwa mgongo, bwana. Geukia ubavu. Goti moja kwanza. Haya, shika pembe yangu. Usikimbilie. Taratibu."

Kacha. Kacha. Kwaa. Bwana Kifaru akasimama, jasho linamtiririka.

"Tangu lini?" Mzee Nyati akamwuliza kwa sauti ndogo.

"Tangu nilipokuwa nambebea baba mawe. Asubuhi ndiyo mbaya."

"Asubuhi ndiyo mbaya," Mzee Nyati akaitikia.

Bi Sange hakuwaacha wapoe. "Ile sheria ya jana, Bwana mkubwa, mie masikio yangu madogo. Mwenye goti linalolia aende wapi?"

Bwana Kifaru akamtazama. Bi Sange akaangalia angani, hana habari.

"Aende..." Bwana Kifaru akakohoa. "Aende akakae mdomoni mwa tanuri! Kwenye benchi, tena refu kwenda juu, lisilochosha kuinuka. Apange magogo na kuchunga moto, maana moto unataka anayeujua. Mawe wabebe vijana."

"Ndivyo nilivyosikia!"

Hapo kila mtu akafunguka. Pundamilia akasema kiuno chake kinamuuma tangu mwaka juzi. Kiboko akataja bega. Ngiri naye akanong'ona, "Mimi kisigino."

"Wewe nyamaza, beba!" wakamkemea wote.

"Mwacheni," akasema Mzee Nyati. "Nasi tulianza na kisigino. Jiwe moja wabebe wawili, nao wafike uzeeni na magoti yao."

Ikawa hivyo. Mzee Nyati akaenda kuketi kwenye benchi, akanyoosha miguu, akamwita Bi Sange karibu.

"Bi Sange, kuna jambo jingine la Bwana Kifaru..."

"Usiniambie, Mzee! Nakuomba, usiniambie!" Bi Sange akaziba masikio, akakimbia mpaka kwenye chungu chake. Huko akasimama. Akajikuna pua. Akarudi mbio. "Haya, ni jambo gani?"

Wajukuu zangu, hadithi nimeitua, nanyi bebeni hili: anayetaka kupima magoti ya wenzake, aanze kuchuchumaa yeye.