Kwa Nini Mchaichai Haunukii Mpaka Uvunjwe

Sogeeni karibu na jiko, wajukuu zangu, sufuria bado haijatokota. Kabla hamjainywa hii chai nitawaeleza habari za jani lililomo ndani, maana halikuwa kimya hivi tangu mwanzo. Bibi yangu aliniambia polepole, naye aliambiwa polepole, kwa sababu ni habari ambayo hakuna mtu anayekimbilia mwisho wake.

Zamani hizo mchaichai ulikuwa na jani laini kama sikio la mbuzi. Ulichanua maua meupe, na harufu yake haikungoja mkono wa mtu. Ilitoka yenyewe asubuhi na jioni, ikashuka bondeni, ikapanda mlimani, ikapita milangoni kama jirani asiyepiga hodi.

Huko milimani Upare ukungu ukishuka huoni hata vidole vyako mwenyewe. Basi watu walikwenda kwa pua. Kila mji ulikuwa na bustani ndogo nyuma ya jiko na kila bustani ilikuwa na mmea wake mkuu. Hapa kulinukia mnanaa, pale kivumbasi, kule juu mrehani. Mtoto aliyetumwa kuni alirudi amefumba macho akafika. Hakupotea mtu.

Juu kabisa, njia inapopinda kabla ya genge la mawe, alikaa mjane mmoja, Nakijwa, na binti yake wa pekee, Namcharo. Bustani ya Nakijwa haikuzidi mikeka miwili, lakini ilikuwa ndiyo raha yake. Alfajiri, kabla hajamsalimu mtu, alikwenda kuyagusa majani yake moja moja kama anayeamsha watoto. Alichuma mrehani wa kutia kwenye maharage, kotimiri ya kunyunyizia mchuzi wa ndizi, akachimba kidole cha tangawizi kwa ajili ya kifua. Lakini mwenye bustani alikuwa mchaichai. Aliupanda siku ile ile Namcharo alipozaliwa, juu ya mahali kilipozikwa kitovu chake, na wawili hao walikua pamoja. Chai yao ilikuwa hiyo tu, maji moto, jani, na asali ikipatikana.

Tena palikuwa na desturi. Jani la bustani halinyimwi. Aliyepungukiwa alisimama pembeni akasema, "Naomba harufu," na mwenyewe alijibu, "Chuma." Basi, yakaisha.

Namcharo akaolewa ng'ambo ya mlima, mwendo wa siku mbili. Siku ya kuagana mama yake alimshika mkono akamwambia, "Njia ikikupotea, fuata mchaichai."

"Kwani mimi nyuki, mama?" Namcharo akacheka, wote wakacheka, na akaenda.

Mwaka uliofuata mvua za vuli hazikuja. Za masika nazo zikanyesha siku mbili zikaacha, kama mtu aliyesahau alichotumwa. Bustani zikafa. Ukafa mrehani wa kule juu, mnanaa ukawa kamba, na mlima mzima ukabaki na harufu ya vumbi. Nakijwa alikuwa akinywa nusu kata ya maji, na nusu anamwagia mchaichai wake. Ukaishi. Ukawa ndio pekee unaonukia toka bondeni hadi gengeni, na watu wakaja. Kila siku wakaja. "Naomba harufu, Nakijwa." "Chuma." Shina likaanza kukonda.

Ndipo muuza chumvi alipopita na salamu. Namcharo ana mimba, naye atakuja kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo ada ya uzazi wa kwanza. Atafika mwezi ukiandama, yeye na wifi yake. Na ada hiyo, wajukuu zangu, ilikuwa na mwiko wake. Mwenye mimba ya kwanza hakupaza sauti njiani wala yeyote aliyefuatana naye. Hakupiga hodi wala kuita, asije akakitangaza kilichomo tumboni kwa kila kinachosikiliza porini. Alikwenda kimya mpaka akanyage ua wa mama yake.

Nakijwa alilia kwa furaha. Alipofuta machozi akautazama mchaichai, na furaha ikaingiwa na mdudu. Mzazi anywe chai ya mchaichai siku arobaini, asubuhi na jioni. Akahesabu mabua. Hayakutosha hata ishirini.

Jioni hiyo akaja Mama Mrutu, jirani yake wa tangu usichana, akasimama pembeni ya bustani.

"Mwenzangu, mzee anakohoa tangu juzi, halali. Naomba harufu."

"Imekwisha."

"Imekwisha na mimi naisikia hapa nilipo?"

"Hiyo unayoisikia ni ya mwanangu."

Tangu kuumbwa kwa mlima hakuna aliyejibiwa hivyo. "Haya, mama," akasema Mama Mrutu. "Basi ifunike, maana hata kwa pua tutakuibia."

Akaondoka zake. Alisema kwa uchungu tu, lakini Nakijwa aliyachukua maneno yale kama shauri. Aliwaza, kweli, upepo unaichukua harufu mchana kutwa, unawagawia watu wasiouliza, mwanangu atakuta nini? Akatoa chungu chake kikubwa cha pombe akakifudikiza juu ya mchaichai. Akakizungushia udongo mbichi ukingoni pasipite hata pumzi. Kila asubuhi alikifunua kidogo, akanyweshea nusu kata yake, akakifunika tena haraka. Mlima ukawa hauna harufu yoyote. Akalala usingizi mzuri, akijua amemwekea mwanawe akiba.

Mwezi ukaandama, na ukungu ukashuka. Haukuleta mvua. Ulikuja mtupu, mzito kama pamba iliyolowa, ukakaa siku tatu. Siku ya tatu mchana, jua likiwa limefichika hata mtu asijue limeegemea upande gani, Nakijwa alikuwa jikoni akichemsha maji ya kumngojea mgeni wake. Akasikia miguu njiani. Miguu ya wanawake, na mnong'ono.

Akajisemea, ni Mama Mrutu huyo na wenzake, wamekuja kuomba; mwanangu angeingia moja kwa moja. Akaupunguza moto usilie. Akauvuta mlango taratibu akaushika kwa mkono, akabana pumzi.

Miguu ikasimama. Ikaenda mbele hatua chache, ikarudi. Ikasimama tena, karibu sana, hata akasikia mtu akivuta hewa puani mara mbili, tatu, kama anayetafuta kitu. Kisha mnong'ono, asioweza kuushika, kisha miguu ikaenda zake kuelekea juu. Nakijwa akashusha pumzi, akashukuru, akachochea moto.

Asubuhi ukungu ulipopasuka, mlangoni alisimama wifi yake Namcharo peke yake, kaniki imechanika, magoti yana damu. Nakijwa alitazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Mwenzako yuko wapi?"

Yule binti akakaa chini palepale.

"Jana tulipita hapa, mama. Nilimwambia, wifi, naona kama paa la nyumba. Akasimama akanusa. Akaniambia, hapa si kwetu, kwetu kunanukia. Nikamwambia tuingie tuulize. Akakataa, akasema hatuwezi kuita kwa watu tusiowajua na tumbo hili. Tukaenda mbele kidogo, tukarudi, akanusa tena. Akasema tumekosea mgongo wa mlima, kwetu kuko mbele. Tukaendelea. Mawe yalikuwa yamelowa." Akanyamaza. "Sikumwona alipoanguka. Nilisikia tu."

Waliteremka gengeni wanaume sita, Mama Mrutu naye akashuka nyuma yao akishikilia mizizi. Waliwaleta juu wawili, mama na wa tumboni, katika nguo moja. Hakuna aliyemlaumu Nakijwa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba aliusikia mnong'ono ule. Alilijua peke yake, akalibeba peke yake, na hilo ndilo lililommaliza.

Walipokwisha kuzika alikwenda bustanini akakiinua chungu. Mchaichai ulikuwa hai, lakini umekuwa wa kijivu. Maua yalikuwa yamekauka yakadondoka. Akainama, akanusa, akanusa tena kama alivyonusa mwanawe, akakuta baridi tu. Harufu ilikuwa imefundishwa kujificha, ikajificha kwelikweli, ikaingia ndani kabisa ya jani, ikajifungia.

"Sasa unamwekea nani?" akauuliza. "Toka. Amekwisha kupita."

Haukutoka. Akaukamata kwa mikono miwili akauvuta, akaukunja, akausokota kama mtu anayekamua nguo. Lile jani lililokuwa laini likakakamaa mkononi mwake, likawa na ukingo wa wembe, likamkata viganja vyote viwili. Hapo ndipo harufu ilipotoka. Ilitoka yote kwa mara moja, ikajaza ua, ikashuka bondeni, watu wakatoka majumbani wakatazama juu. Ilikuwa nzuri kuliko siku zote, na haikuwa na wa kumrudisha.

Nakijwa aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sitawadanganya, hakupoa. Wapo wasiopoa. Alichofanya ni kugawa mashina. Alianza kwa Mama Mrutu, akachimba shimo yeye mwenyewe kando ya mlango, na Mama Mrutu alipofungua kinywa kushukuru, alimziba kwa kiganja chenye kovu. "Usinishukuru," akasema. Akaenda nyumba hadi nyumba, akipanda kando ya njia, mahali ambapo mguu wa mpita njia lazima uguse. Hakunywa chai tena. Siku alipokufa, kwenye bustani yake mlikuwa na chungu kilichovunjika na fungu moja la mchaichai, basi.

Na tangu siku hiyo mchaichai haugawi harufu yake bure. Ni mpaka uuvunje, uukunje, uuchemshe, ndipo useme. Ukiuchuma kwa pupa unakukata. Mimi na uzee wangu sijauona ukichanua. Anayepewa shina lake hashukuru, analipokea akiwa kimya akaenda kulipanda karibu na njia, na hakuna mtu wa milimani anayefudikiza chungu bustanini, hata kwa kukikausha.

Nanyi mmeniona mara nyingi, ukungu ukishuka, natoka na miguu yangu hii mibovu kwenda kulivunja jani mlangoni, na mnanicheka, bibi anamngoja nani. Simngoji mtu. Mama yangu alifanya hivyo, na wa kwake alifanya hivyo. Unalisugua jani mikononi mpaka linukie, unanyoosha viganja kwenye ule weupe, na unasema kwa sauti ndogo, kwa yeyote anayepita asiyeweza kuita:

"Ni hapa."